Malengelenge ya Mninga

Mara ya kwanza Minani alidhani ni vanishi mbovu. Ndiyo lawama ya kwanza ya kila fundi, na mara nyingi huwa ya kweli. Kaunta ya mninga aliyoijenga bafuni kuzunguka sinki ilikuwa imekauka na kung'aa kote, isipokuwa upande wa kushoto, mahali penye urefu wa mtoto mchanga aliyelazwa chali. Hapo vanishi ilikuwa imevimba malengelenge. Akakwangua, akapiga msasa, akapaka upya. Kesho yake akayakuta palepale, na safari hii yalikuwa na maji ndani.

Nyumba ilikuwa ya Bwana Leodgar, hapo Ujiji, akiikarabati mbiombio awapangishe wazungu wa mashirika waliomiminika Kigoma kuhudumia wakimbizi. Minani naye alikuwa mkimbizi, Mrundi, fundi seremala aliyetoka kambini kimyakimya na mkewe Kaneza. Kambini walikwisha kuzika mtoto mmoja. Sasa Kaneza alikuwa na mimba ya kukaribia kujifungua, na alikuwa ameapa kwamba huyu hatazaliwa mbali na hospitali. Miezi ile Warundi waliokutwa mjini walikuwa wakipakiwa kwenye malori na kurudishwa. Leodgar alikuwa ameahidi: kaunta ikiisha vizuri, atamtilia saini barua ya kumdhamini, aionyeshe msako ukija. Na watu walisema msako ni Jumamosi. Kaunta ikikataa, hakuna barua.

Alikuwa hoi, jamani. Mgongo ulimuuma, macho yalimuwasha kwa vumbi la msasa, na bado akalitafuta kosa kama alivyofundishwa. Labda mbao ilikuwa mbichi. Akaigonga, ikalia kavu. Labda alipaka nzito, akapaka nyembamba. Labda tina ya kuzimulia vanishi ilichakachuliwa. Akanunua nyingine duka jingine. Labda ni mafuta ya mikono, labda ni unyevu wa bafuni. Akafuta kwa spiriti, akaacha dirisha wazi siku nzima. Malengelenge yakarudi makubwa zaidi, na sasa yalinuka kama kuku aliyebabuliwa manyoya.

Jumatatu alasiri, jua likiwa kali nje, akaanza tena. Alipopitisha msasa akasikia kitu kinalia kwa chini chini ya sinki. Akaacha, nacho kikaacha. Akapitisha tena, polepole, na kile kilio kikapanda, chembamba, cha mtoto asiye na nguvu tena ya kulia, kikatoka chini ya sinki kikaingia kwenye ubao wenyewe, mpaka akakisikia mikononi kabla ya masikioni, na karibu na shavu lake, karibu kiasi cha kuhisi pumzi, sauti ya mwanamke aliyechoka kupita hata yeye ikawa inabembeleza: "Howa, mwanangu, howa. Anamaliza sasa hivi."

Alijikuta uani, msasa bado mkononi. Bi Mwanvua, mama mtu mzima wa Kimanyema aliyekuwa akiiangalia nyumba ile, alikuwa anapepeta mchele.

"Mama," Minani akanong'ona, "humo bafuni kuna mtu?"

Mwanvua hakuinua uso. "Ulifanya nini humo, baba?"

"Nimepaka vanishi tu."

"Nakuuliza kabla ya vanishi."

Minani akafikiri. "Nyundo iliniponyoka ikabonyeza ubao. Nikachemsha maji, nikapamwagia, mbao ivimbe irudi sawa. Mafundi ndivyo tunavyofanya."

"Saa ngapi?"

"Magharibi, jua linazama."

"Ukasema neno gani kabla ya kumwaga?"

"Neno gani tena, mama?"

Ungo ukatua chini. "Yarabi! Hapa Ujiji hata mtoto mdogo anajua. Maji ya moto hayamwagwi bafuni kimyakimya, na magharibi ndiyo kabisa. Unapiga bismillahi kwanza, wenyewe wasioonekana wasogee na watoto wao. Umemuunguza mtoto wa watu, fundi. Halafu kila siku unamsugua kidonda."

"Mimi ni Mkatoliki, mama."

"Na yeye hakukuuliza dini wakati anaungua."

Minani akakaa kwenye ngazi, akajifunika uso. Aliona aibu kuliko hofu. Mtoto wa kuzikwa alimjua, na kilio kile cha kuishiwa nguvu alikijua pia.

Mwanvua akampa asali na kitambaa laini cha kanga kuukuu. Siku mbili Minani hakugusa msasa. Alipaka asali juu ya mninga, akapepea kwa kipande cha boksi, akaosha kwa maji ya baridi, akisema kila mara kwa Kirundi, "Mumbabarire," nisameheni, kwa kuwa msamaha wa Kiswahili aliuona mfupi. Jumatano malengelenge yakanywea. Akapaka vanishi nyembamba, kwa ncha ya brashi. Ijumaa asubuhi kaunta ilikuwa safi kama kioo, na bafuni hamkuwa na harufu wala sauti. Minani akaegemea ukuta akasinzia kwa kusimama.

Akazinduliwa na viatu vya Leodgar. Barua ilichungulia mfukoni mwa shati, na mkononi alishika birika la jikoni.

"Safi sana, fundi! Ila sipangishi kitu ambacho sijakijaribu. Wazungu hawa wataweka vitu vya moto hapa. Tuone kama inahimili."

Akaliinamisha birika hapohapo, upande wa kushoto. Hapakuwa na nafasi ya neno lolote. Minani akajitupa, akailaza mikono yake yote miwili juu ya ubao, na maji yanayochemka yakamwagikia ngozi yake kuanzia viwiko hadi vidole.

Alipiga ukelele ambao mtaa mzima uliusikia. Leodgar alirudi nyuma, kwanza kwa woga, kisha kwa hasira.

"Kumbe unajua haitahimili! Unaficha ubovu wa kazi yako mpaka unajichoma?"

"Bwana, kuna mtoto..."

"Mtoto yuko wapi? Wendawazimu! Mtu kama wewe simdhamini." Akaichana barua vipande viwili, akatoka.

Minani akabaki amepiga magoti, mikono ikivimba. Ndipo kitu baridi kikamshika vifundo vyote viwili vya mikono, kwa upole, na sauti ile ya uchovu ikasema: "Umeungua kwa ajili ya mwanangu. Wa kwako hawatampata. Hakuna atakayewaona."

Jumamosi alfajiri malori yakaingia mtaani. Minani alisimama mlangoni pa chumba chao cha kupanga, mikono imefungwa matambara, Kaneza akiwa mkekani nyuma yake. Hakuwa na nguvu ya kukimbia tena. Askari akasukuma mlango, akamulika kurunzi kumpitia Minani kifuani mpaka ukutani, akasema, "Humu hamna watu." Wakaenda nyumba ya pili.

Kaneza alicheka huku analia. Minani naye akacheka, mara ya kwanza mwaka ule. Saa mbili baadaye uchungu ukamshika Kaneza.

Minani akatoka mbio kwa jirani. Jirani alikuwa anafagia. Akamwita, akamshika bega, na yule mama akajipangusa kama mtu aliyetuliwa na inzi. Akasimama katikati ya njia akapaza sauti kuomba baiskeli ya kumbeba mkewe hospitali, lakini watu wakampita. Akarudi akamkuta Bi Mwanvua kizingitini, amekuja kumtazama mikono yake, anapiga hodi.

"Mama! Tupo hapa! Tusaidie, anajifungua!"

Mwanvua alitazama ndani, mkekani, ukutani. Macho yakamjaa machozi. "Maskini," akasema peke yake, "wamewachukua na mimba ile." Akaurudisha mlango taratibu, kama mtu anayefunga nyumba ya msiba, na Minani, aliyekuwa ameingia ndani akipiga kelele umbali wa shubiri moja na uso wake, akayasikia makubazi yake yakienda zake.

Nyuma yake, pembezoni mwa mkeka, mtu alikunja nguo akapiga magoti.

"Usihangaike na watu, fundi," ikasema ile sauti iliyochoka. "Nitampokea mimi."

Na Kaneza, ambaye hakuwahi kuisikia sauti ile kabla ya siku hiyo, akaikamata mikono asiyoiona, akasukuma.