Gauni la Mkono Mmoja

Tak.

Mara moja tu, kisha kimya. Munira alifumbua macho gizani, akasikiliza. Feni inazunguka. Mumewe, Marijani, anakoroma. Sauti ile aliijua vizuri: sindano ya cherehani inapotoboa kitambaa na kugonga chini.

"Baba Lulu. Umesikia?"

"Panya," Marijani akajibu, macho kayafumba. "Lala."

"Panya gani anashona?"

"Kama anashona mwambie aanze na suruali yangu. Wiki ya pili hii inakusubiri wewe."

Munira alicheka, kisha akakumbuka. Cherehani ya chumba cha mbele haikuwa na mkanda. Aliuvua mwenyewe jioni ile, umeoza, na mpya alikuwa hajanunua. Bila mkanda, hata ukikanyaga mpaka kesho, sindano haishuki.

Ilikuwa cherehani ya marehemu bibi yake, fundi wa nguo wa Kimbiji. Paa la nyumba ya huko lilipoanguka, Munira alikwenda kuokoa vyombo, akaikuta chini ya magunia: nyeusi, maua ya dhahabu yamefifia shingoni, imezungushiwa kamba ya usumba wa nazi mizunguko saba. Akaikata kamba kwa kisu. Akaileta kwake Mtoni Kijichi, na kwa wiki mbili akaishughulikia kama mgonjwa: mafuta ya taa kwenye kutu, mswaki mkuukuu kwenye meno ya chuma, msasa laini kwenye meza, tone la mafuta kwenye kila tundu. Alitaka aanze kushona sare za shule hapo hapo nyumbani.

Ndani ya mtoto wa meza ya cherehani alikuta gauni jekundu la mtoto wa kike. Lilikuwa na mkono mmoja. Wa pili ulikuwa umekatwa tayari, umekunjwa pembeni, haujaungwa. Alilirudisha lilipokuwa.

Mama yake, Bi Hija, aliyekuwa akiishi nao, hakuwapo siku cherehani ilipoingia. Alikuwa matangani Mbweni. Aliporudi alisimama mlangoni, hata viatu hakuvua.

"Kamba umeikata?"

"Ilikuwa kamba tu, mama."

"Irudishe."

"Mama jamani, nimeshaanza kuitengeneza."

Bi Hija akageuka, akaingilia uani. Tangu siku ile alipitia mlango wa uani, na chumba cha mbele hakukikanyaga tena.

Asubuhi baada ya ile sauti, Munira alilikuta gauni limetoka kwenye mtoto wa meza. Lilikuwa chini ya sindano, limenyooshwa vizuri. Mkono wa pili ulikuwa umeshikizwa begani kwa pigo moja la sindano, la uzi mwekundu. Bobini, kigurudumu cha uzi wa chini, ilikuwa tupu, na nyumba nzima haikuwa na uzi mwekundu.

Alilifumua kwa wembe. Kesho yake mapigo yalikuwa matatu. Akang'oa sindano, akaifunga kwenye gazeti, akaitupa jalalani. Siku iliyofuata mshono ulikuwa na urefu wa kidole, na chumba kilinuka udi ambao hakuna aliyeufukiza, na chini ya udi ule harufu nyingine, ya nguo iliyoanikwa ikanyeshewa, ikaachwa, haikukauka kamwe.

Alhamisi, saa tisa mchana, jua kali, Munira aliacha mchele kwenye ungo uani akaingia ndani kumwita Lulu ale. Binti yake, miaka tisa, alikuwa katikati ya chumba cha mbele na sare yake ya shule, mikono kaitanua, shingo kainyoosha.

"Mchezo gani huo?"

"Shh, mama. Napimwa."

"Na nani?"

"Fundi. Anasema nisipumue sana, vipimo vitaharibika." Lulu akacheka kama anayetekenywa, akabana kwapa. "Mikono yake ya baridi!"

Munira alimvuta mwanawe mpaka uani. Kwenye mwanga aliona alama nyembamba nyekundu imezunguka juu ya kiwiko, nyingine kifundo cha mkono, kama zilizoachwa na utepe uliokazwa.

Bi Hija aliziona pia. Akakaa chini, pale pale kwenye sakafu.

"Mama, unajua kitu. Niambie."

"Sema polepole," Bi Hija akanong'ona. "Kuna anayesikiliza."

Akasogea karibu mpaka pumzi yake ikamgusa Munira shavuni. "Nilipokuwa na umri wa Lulu niliugua. Nikapelekwa kwa mganga, shetani akapanda, akasema mie ndiye kiti chake, mwili wa kukalia. Akataka nishonewe gauni jekundu, nikivishwa limekamilika nimekuwa wake. Mama, bibi yako, akaanza kushona kwa cherehani ile. Alipofika mkono wa pili akashindwa. Mtoto ni wake, atamvishaje? Usiku ule ule wakaifunga cherehani kwa ile kamba, wakanibadili jina, wakanipeleka Rufiji kwa mjomba. Huyo akija aite, jina lile halina mtu."

"Kwa hiyo Hija..."

"Hija ni la kujifichia. La kwanza sijalitamka miaka hamsini na saba. Hata baba yako kafa halijui."

"Na Lulu anaingiaje hapo?"

"Shetani hana jina la kuita, mwanangu. Amebaki na vipimo. Na Lulu ana mwili wangu wa siku zile."

"Ukilitaja je?"

"Nikilitaja nimemwitikia."

Marijani alipoelezwa hakutania. Alizitazama alama kwenye mkono wa mtoto, akapiga simu, na kabla ya saa kumi kirikuu, kigari cha mizigo cha rafiki yake Salumu, ilikuwa mlangoni. Walilifungia gauni ndani ya mtoto wa meza, wakaibeba cherehani wao wawili.

"Naipeleka kule kule ilikotoka," Marijani alisema. "Kamba naifunga mwenyewe. Nikirudi napita kwa shehe, nakuja naye. Mama Lulu, mtoto asikutoke machoni."

Simu yake iliingia adhana ya magharibi ikiadhiniwa.

"Nimeshaishusha. Nimeifunga. Tunageuza."

"Gauni limo?"

"Limo, nimefungua nikaliona."

Munira alishusha pumzi, akageuka kumwambia Lulu, na mkeka aliokuwa ameukalia ulikuwa mtupu.

Tak. Tak. Tak.

Sauti ilitoka chumba cha mbele, mahali ambapo hapakuwa na meza wala gurudumu wala kipande cha chuma, na Munira akakimbia kuifuata huku sauti ya Marijani ikiendelea kuita alo, alo kwenye simu aliyoiangusha sakafuni, akaufungua mlango na harufu ya udi na nguo mbichi ikampiga usoni, na katikati ya chumba, juu ya zile alama nne ambazo miguu ya meza ilikuwa imeziacha vumbini, Lulu alisimama ndani ya gauni jekundu, macho wazi, hayaoni, na kwenye bega lake mshono ulikuwa unatembea wenyewe, pigo kwa pigo, uzi ukitoka hewani na kuingia kitambaani, ukielekea kwapani mahali utakapokutana na ulikoanzia.

Alimkumbatia amvute. Mtoto hakusogea, mzito kama aliyepigiliwa misumari.

"Mwenye nguo anaitwa nani?" sauti ikauliza nyuma ya Lulu, kwa upole, kama fundi anayetaka kuandika kwenye daftari.

Tak. Tak.

Bi Hija alikuwa ameingia. Kwa mara ya kwanza tangu cherehani ifike, alikuwa amekanyaga sakafu ya chumba kile. Alisogea taratibu akimtazama mjukuu wake, si kile kilichokuwa nyuma yake.

"Mama, hapana," Munira alilia. "Marijani anakuja na shehe! Tumsubiri, mama, nakuomba!"

"Pamebaki upana wa vidole viwili, mwanangu."

"Mama!"

"Mshono ukishavuka hapo haufumuliki." Akampapasa Munira kichwani mara moja, kama alivyomfanyia utotoni. "Umshike vizuri. Akiachiliwa ataanguka."

"Mwenye nguo," sauti ikarudia, "anaitwa nani?"

Bi Hija aliushika ule mkono mwekundu wa gauni, na uzi ukasimama.

"Mtoto huyu hana nguo kwako," alisema. "Gauni ni langu. Mimi ni Mwanamvua binti Mbwana."