Nafasi Mbili Zilizowekwa Kama Mawese

Kijijini Kizuka, huku Burundi kando ya Ziwa Tanganyika, kulikuwa na amani siku ile, ndugu zangu. Ngazi, yaani matunda ya mchikichi, zilikuwa zinachemka kwenye pipa, moshi unajiendea zake kuelekea ziwani, na Jovita anakoroga huku akiimba wimbo wa kwaya. Mara simu ikalia: chuo cha biashara cha Kampala kimemkubali! Kabla hajamaliza kurukaruka, kikafuata cha Dar es Salaam.

Vyote viwili vilitaka kitu kimoja: fomu yenye saini ya mzazi, irudishwe kabla ya mwisho wa mwezi.

Mzazi ni Mzee Zabroni, aliyerudi kutoka ukimbizini Tanzania na baiskeli moja na maneno magunia saba. Bwana huyu hauzi mawese msimu wa mavuno. Huyafungia mapipani mpaka yaadimike, wanunuzi waje kumbembeleza. Nao huja. Hapo ndipo kosa lilipozaliwa.

"Baba, popote nitakwenda," Jovita alisema. "Wewe tia saini tu."

"Usiwe na haraka kama mnunuzi mgeni! Waandikie wa Dar kwamba Kampala wanakutaka. Wa Kampala uwaambie Dar wanakutaka. Tuone nani atapanda bei."

Jovita akaandika. Angefanyaje, na ni baba yake? Vyuo vikajibu kwa upole, vikimkumbusha tarehe.

"Umeona?" Mzee alicheka mpaka kofia ikadondoka. "Wameanza kunibembeleza!"

Akazitembeza barua kanisani, sokoni, hadi mwaloni kwenye mitumbwi ya wavuvi. Nasikia hata mikeke, samaki wale wa ziwani, walijua kwamba binti wa Zabroni anagombaniwa na nchi mbili. Kila asubuhi Jovita alimwekea fomu kando ya uji, na kila asubuhi aliikuta imekaliwa na bakuli.

Hassani, mchuuzi wa mawese kutoka Rumonge mjini, alipofika na madumu yake alimwonya. "Amahoro, muzee. Mambo ya mutoto iko wapi? Mawese inakaa. Chuo haikai, kuko batoto wengi nyuma."

"Wewe nunua mafuta, Hassani. Mtoto niachie."

Mwezi ukaisha. Kampala wakaandika: nafasi amepewa mwingine. Ndipo mzee alipoitafuta kalamu mbio, akasaini ya Dar, kidole cha mafuta kikaacha alama kwenye karatasi. Jovita akaipiga picha, akaituma. Kesho yake jibu likaja: samahani, tumefunga.

"Mwakani wataongeza," alisema mzee.

Mwaka uliofuata Jovita aliomba tena kote kuwili. Hakuna aliyemjibu.

Siku hizi anakoroga bila kuimba. Mgeni akiingia, mzee huzitoa barua kwenye mfuko wa plastiki. "Binti yangu huyu, nchi mbili zinamgombania! Si kweli, Jovita?"

"Kweli, baba. Mbili."

FUNZO

Wazazi wenzangu, nafasi ya mtoto haiwekwi ghalani ingoje kupanda bei. Kampala ingemfaa Jovita, na Dar ingemfaa. Kilichomnyima zote mbili ni baba yake kupenda sifa. Kama nyumbani kwako kuna fomu iliyofunikwa na bakuli, acha kunisoma. Inuka, ukaisaini sasa hivi.