Bao la Tatu la Buffalo

Kila Jumanne na Alhamisi Gracieuse alirudi nyumbani, mtaani kwao Hilliard, akiburuta begi lililokaribia kumzidi urefu. Alikuwa na miaka kumi na tatu, na alikuwa kipa wa timu ya wasichana ya hoki ya barafu ya Columbus. Akishavua viatu mlangoni, alianika vikinga miguu vyake kwenye korido, akatundika glavu juu ya mlango wa bafu, kisha akasubiri malalamiko ya mama yake kuhusu harufu. Mama yake, Bulonza, alikuwa akihudumia wazee katika nyumba ya kuwatunzia, kazi ya kusimama kutwa nzima, na hakupenda kurudi na kukuta nyumba inanuka kama soksi iliyosahauliwa ndani ya gari. Alilalamika, akafungua dirisha, kisha akapakua wali na sombe, yaani majani ya muhogo yaliyotwangwa. Hayo Gracieuse alikwisha kuyazoea.

Jambo aliloshindwa kulizoea lilikuwa baba yake.

Baba yake, Eliezer, alifanya kazi katika ghala la bidhaa, na siku za Jumapili alikuwa shemasi kanisani. Huko kanisani aliongea kwa sauti ya chini mpaka watu wa viti vya nyuma walimwomba arudie. Lakini mtu huyo huyo akikaa kwenye benchi la uwanja wa barafu, alibadilika kama maziwa yaliyotiwa ndimu. Alikuwa amekulia Butembo, mashariki mwa Kongo, na hadi anafikisha miaka thelathini hakuwa amewahi kuona barafu isiyotoka kwenye friji. Sasa alijua sheria za hoki kuliko marefa wote, au ndivyo alivyojiona mwenyewe.

Mechi za mtoano zilipoanza mwezi Machi, mambo yalizidi. Mechi ya kwanza ilikuwa ugenini, Louisville. Mjomba Paluku, kaka yake Bulonza, aliishi huko katika mtaa wa Iroquois, na kwa furaha ya kumwona mtoto wa dada yake akicheza alialika majirani zake saba. Columbus walishinda mabao manne kwa moja, lakini hakuna aliyekumbuka mabao. Watu walikumbuka jinsi Eliezer alivyopiga kioo cha uwanja kwa ngumi, jinsi alivyomwita refa kipofu, na jinsi alivyomwambia mama mmoja wa Louisville kwamba binti yake anateleza kama mbuzi kwenye matope. Kabla kipindi cha pili hakijaisha, wale majirani saba walikuwa wamehamia viti vya mbali, na Mjomba Paluku akawafuata.

Juma lililofuata ikaja barua kutoka ofisi ya ligi. Ilisema kwamba mashabiki wa Columbus wakifanya vurugu tena, watatolewa uwanjani. Bulonza aliisoma mara mbili, akaiweka mezani mbele ya mumewe, akamwuliza kama huyo shemasi anayehubiri uvumilivu ni yeye au ni pacha wake. Eliezer alijibu kwamba Louisville ndio walioanza. Gracieuse alisikia jibu hilo akiwa koridoni, akafumba macho. Lilikuwa jibu la mtoto wa chekechea.

Mechi ya nusu fainali ilipangwa Buffalo, Jumamosi saa tano asubuhi. Waliondoka Ijumaa mchana kwa gari la Eliezer, pamoja na Dorcas, rafiki wa Gracieuse na beki wa timu, ambaye wazazi wake Watanzania walikuwa na mitihani chuoni na hawakuweza kusafiri. Ni mwendo wa saa tano na ushei. Kwa saa tatu za kwanza Eliezer aliwaeleza ubaya wa watu wa Buffalo, ambao hakuwa amekutana na hata mmoja wao. Gracieuse alijibu kwa Kiingereza, kwa neno moja moja, kama alivyojibu kila alipochoka. Mwishowe akageukia Kiswahili, ili baba yake asije akadai kwamba hakuelewa.

"Papa, niahidi utanyamaza kesho."

"Bon, nimeahidi. Nitakaa kama niko ibadani."

Aliitimiza ahadi hiyo kwa dakika tisa.

Uwanja wa Buffalo ulikuwa mdogo na umejaa. Mashabiki wa nyumbani walikuja na kengele za ng'ombe na ngoma, na wachache wa Columbus walibanwa kwenye kona nyuma ya goli la Gracieuse. Eliezer alikaa safu ya kwanza kabisa. Buffalo walipofunga bao la kwanza na kengele zikalia, alisimama. Hakukaa tena. Alipogundua kwamba mlinzi wa uwanja anamtazama, aliacha Kiingereza akahamia Kiswahili, na huko akajiachia. Aliwaita wale watu wezi. Akasema wamelelewa na baridi, wala si na wazazi. Alimwonyesha kidole bibi mmoja wa Buffalo mwenye koti zito na kitambaa cha bluu kichwani, akasema kengele ile ingefaa zaidi shingoni mwake. Bibi yule alimtazama tu, akaendelea kutikisa kengele.

Ndani ya kofia yake ya chuma Gracieuse alisikia kila neno. Alijaribu kufikiria paki, yaani kile kisahani cheusi cha mpira mgumu wanachokigombania, lakini sauti ya baba yake ilimkaa mgongoni kama mzigo. Hata hivyo alicheza vizuri. Hadi zilipobaki dakika tatu, timu zilikuwa mbili kwa mbili.

Hapo mchezaji namba kumi na moja wa Buffalo, msichana mwembamba mwenye mbio, akampita Dorcas na kupiga. Paki ikagonga mguu wa Gracieuse, ikapita chini yake. Aligeuka. Akaiona imelala kwenye barafu, nyuma ya ule mstari mwekundu wa goli, nzima, bila ubishi. Lilikuwa bao. Lakini refa alikuwa amezibwa na miili ya wachezaji, na mkono wa Gracieuse ulitangulia kabla ya akili yake. Aliirudisha paki kwa glavu, akaikalia. Filimbi ikalia. Refa akakata mikono hewani kuonyesha kwamba hakuna bao.

Uwanja mzima ukalipuka. Mashabiki wa Buffalo waliokaa juu walikuwa wameona. Walinyoosha mikono kuelekea mstari na kusema kwamba kipa amedanganya. Eliezer alipanda juu ya benchi, akajibu kwa Kiswahili kwamba waongo ni wao.

Bibi mwenye kitambaa cha bluu akaweka kengele chini. Akasimama, akasema kwa Kiswahili kile kile cha Kivu ambacho Eliezer alidhani ni fimbo yake peke yake:

"Wewe papa, tangu asubuhi nakusikia. Umenitukana mimi, umewatukana na wazazi wangu waliokwisha kufa. Donc, sasa uniambie: nani mwongo hapa?"

Baadaye Eliezer alisema kwamba alitamani barafu ipasuke immeze. Lakini wakati ule kiburi kilikuwa bado kimesimama juu ya benchi pamoja naye, na akasema kwa sauti iliyovuka kioo na kufika golini:

"Mtoto wangu hasemi uongo. Hajawahi, na hatasema."

Gracieuse alikuwa bado amekalia ile paki. Hasira ikampanda, hasira ya kumchoka mtu unayempenda. Laiti angenyamaza. Mara moja tu maishani mwake, huyu baba angenyamaza, na jambo lile lingebaki kati yake na barafu. Sasa alikuwa amesimama mbele ya watu mia tatu akiapa kwamba binti yake ni mkweli, na mlinzi wa uwanja alikuwa tayari anamwendea. Alikuwa anatolewa nje kwa ajili ya uongo ambao hakujua kwamba ni uongo.

Aliinuka. Akateleza hadi kwa refa, akainua kofia yake, akamwambia kwamba paki ilivuka mstari na kwamba yeye ndiye aliyeirudisha. Refa akamwuliza kama ana hakika. Alisema anayo. Refa akaenda kuzungumza na mwenzake, akarudi, akanyoosha mkono kwenye goli.

Buffalo tatu, Columbus mbili. Kengele zililia, lakini si kama mwanzo. Watu wengi walikuwa wanamtazama kipa. Dorcas alipiga gongo lake la kuchezea kwenye barafu mpaka likapasuka. Na Eliezer alishuka kwenye benchi, akamwambia mlinzi kwamba hana haja ya kumshika, akatoka mwenyewe.

Dakika zilizobaki Columbus walishambulia kwa nguvu zote, lakini hawakupata kitu. Chumbani mwa kubadilishia nguo kocha aliwaambia tu wakunje nguo zao vizuri. Kisha Dorcas akamgeukia Gracieuse na kumwambia, bila kupaza sauti, kwamba refa alikuwa ameshaamua, na kwamba kazi ya kipa ni kuzuia, si kuhukumu. Gracieuse alikuwa amechoka na Dorcas, na baba yake, na Buffalo, na nafsi yake.

Nje, kwenye korido, Eliezer alikuwa amesimama mbele ya yule bibi, mikono nyuma kama mwanafunzi. Bibi huyo aliitwa Mama Mukabutera, na namba kumi na moja, ambaye jina lake lilikuwa Séphora, alikuwa mjukuu wake. Eliezer alikuwa akiomba msamaha, na Mama Mukabutera hakuwa akimrahisishia. Alimwambia kwamba hakukimbia vita, akakaa kambini miaka kumi na minane, akafika mji huu wa theluji, ili aje atukanwe na mtu wa kwao mbele ya mjukuu wake. Eliezer alikubali. Alisema, "Mama, nimekosa," na hakuongeza kwamba Buffalo ndio walioanza.

Bibi alipomwona Gracieuse, uso wake ulilegea kidogo. Alimwuliza kwa nini aliirudisha paki.

"Niliogopa," alisema Gracieuse.

"Ulimwogopa nani?"

Macho ya Gracieuse yalikwenda kwa baba yake kabla hajayazuia. Eliezer aliyaona. Mama Mukabutera pia aliyaona, akamshika mjukuu wake mkono na kuwatakia safari njema.

Waliendesha gari kando ya ziwa hadi mji wa Erie. Walipoingia kituo cha mafuta, Eliezer aliwanunulia viazi vya kukaanga, akarudi kwenye usukani, lakini hakuwasha gari. Dorcas ndiye aliyeanza kusema. Aliangalia viazi vyake, akasema, "Baba Gracieuse, na mimi niliiona. Nilikuwa karibu kuliko wote. Niliiona imevuka, nikakaa kimya nikiomba refa asiione. Ndiyo maana nilimkasirikia."

Kisha akamwomba Gracieuse msamaha, na Gracieuse akampa viazi vyake vilivyobaki, maana hakuwa na hamu navyo.

Eliezer alishusha pumzi. Aliwaambia kwamba alikuwa amewachosha. Alikuwa akipiga kelele ili wajue anawapenda, kumbe kelele zile zimewafundisha kwamba kushindwa mbele yake ni aibu kubwa kuliko kudanganya. Kosa hilo, alisema, lilikuwa lake, na angelibeba mwenyewe. Akawasha gari.

Jumatatu alikaa mezani na kuiandikia ofisi ya ligi. Alieleza alichofanya Louisville na Buffalo, neno kwa neno, hata lile la kengele na shingo. Barua ya majibu ilimzuia kuhudhuria mechi tatu za mwanzo za msimu ujao. Akaandika nyingine ndefu zaidi kwenda Louisville, na Mjomba Paluku akaipeleka kwa yule mama aliyetukaniwa binti yake. Mama huyo alijibu kwamba ameipokea, na kwamba siku hizi binti yake anateleza vizuri.

Gracieuse alipoiona ile barua ya ligi, alikereka upya. Alimwuliza baba yake kwa nini alijichongea. Watu wa Buffalo hawakuwa wamelalamika, mlinzi hakuwa ameandika jina lake, na ofisi haikujua chochote. Angekaa kimya, angekuwepo kwenye mechi zote.

"Papa, hakuna aliyekushtaki," alisema.

Eliezer alikuwa akiosha vyombo. Alifunga bomba, akajifuta mikono, akamgeukia kwa ile sauti yake ya kanisani.

"Na wewe je? Refa alikwisha kuamua. Hakuna aliyekuuliza." Alimpa sahani aipanguse. "Mtu akikamatwa ndipo akasema kweli, anajitetea tu. Ule ukweli unaousema mwenyewe, wakati ungeweza kunyamaza ukapata faida, huo ndio unaoonyesha wewe ni nani. Hayo nimejifunza kwako, mwanangu. Usiyasahau ukishakuwa mkubwa kama mimi."

Gracieuse aliipangusa sahani, akaiweka kabatini, akanyoosha mkono kupokea nyingine.