Mkeka wa Bibi na Sisimizi

Kijijini kwetu, kisiwani Savaii, baragumu la kombe likipulizwa jioni, kila mtu huingia ndani kwa sala. Jumatatu ile tulikuwa katikati ya wimbo pale mdogo wangu Lupe aliponyamaza na kunyoosha kidole.

Msururu wa sisimizi ulikuwa umetoka kwenye kaburi la Bibi, hatua chache tu kutoka mlangoni. Ulipita sakafuni mpaka kwenye kitanda chake ukaingia chini ya godoro. Hakuna aliyekilalia kitanda hicho tangu tumzike. Chini ya godoro lile Bibi alihifadhi mkeka laini aliousuka kwa miaka miwili, na Jumamosi tulikuwa tuupeleke harusini kama zawadi ya heshima.

"Bibi yenu ana neno nasi," Shangazi Fetu alisema kwa sauti ya chini. "Lupe, si wewe uliyekuwa unaruka kamba juu ya kaburi lake?"

Lupe, mwenye miaka sita, alijificha nyuma yangu. Nami nikakaa kimya.

Jumapili nilikuwa nimetumwa kupeleka kikapu cha chakula kwa mchungaji. Nilichomoa mkate mmoja uliookwa kwa tui tamu, nikauficha kwenye kunjo la mkeka, maana nani angegusa kitanda cha marehemu? Baadaye nikaogopa kuufuata. Chumba kilinukia mafuta ya nazi ya Bibi, nikahisi ananitazama. Hata mimi nilianza kuamini kwamba amewatuma wale wadudu.

Lupe hakula vizuri tena, wala hakukubali kwenda chooni peke yake. Jumatano aliniuliza, "Dada, Bibi akija kunichukua, utanishika mkono?"

Nililia. Nikamfuata Shangazi jikoni, nikamweleza yote.

Aliinua godoro. Mkate ulikuwa mweusi kwa sisimizi, na tui lilikuwa limeacha doa kubwa kwenye mkeka. Shangazi alimwita Lupe, akampakata.

"Bibi hana neno na wewe, mwanangu. Nisamehe. Nilikulaumu kabla ya kutazama."

Tuliutoa mkate nje, tukaifuta njia yote ya sisimizi kwa maji ya sabuni na ndimu ili harufu yao ipotee. Kiota chao kilikuwa ndani ya ufa wa kaburi, tukauziba kwa saruji. Kisha tukauanika mkeka juani.

"Doa litatoka, Shangazi?"

"Halitoki. Sisimizi walifuata utamu tu, Moelagi. Hofu ya mdogo wako uliilea wewe kwa kunyamaza. Ukikosea, sema siku hiyohiyo, kabla mwingine hajalibeba kosa lako. Leo utakwenda kwa mchungaji. Na Jumamosi mkeka utaubeba wewe, ukunjuliwe mbele ya watu wote. Atakayeuliza kuhusu doa, utamjibu wewe."

Waliuliza watu wanne. Wote niliwaambia ukweli, Lupe akiwa amenishika mkono.