Mkwaruzo Chini ya Kitanda cha Dalmas

Nesi Nelima alipofunua shuka, choa alichokipaka dawa jana mgongoni mwa Dalmas kilikuwa kimetanuka, na juu yake kulikuwa na alama mbichi za kucha. Mikono yote miwili ya Dalmas, Nelima mwenyewe alikuwa ameifunga bandeji ili asijikune.

"Nani amekukuna?"

"Sista, si mtu," Dalmas akanong'ona.

Ilikuwa mwaka wa 1993, katika hospitali ndogo nje ya Kisumu. Dalmas alikuwa akinunua samaki Usenge, kando ya ziwa, kabla ukimwi haujamwacha mifupa mitupu. Nelima alijua fangasi ya mwili ulioishiwa kinga haiishi kwa kupaka tu; mgonjwa alihitaji vidonge vya kumeza. Kila alipokwenda stoo, Bwana Khaemba, mtunza stoo, alimjibu, "Bado, Sista. Tumeagiza." Nelima akarudi na kopo lile lile la marhamu, amenuna, akapaka tena.

Kisha ikaja harufu ya tope la ziwa, ndani ya wodi kavu.

"Ni jini ya ziwa," alisema Apiyo, mke wa Dalmas, kwa sauti ya chini. "Imemfuata toka bichi."

"Mama, usiniletee majini. Niletee maji ya uvuguvugu nimwoshe."

Lakini mchana ule ule, jua likiwaka dirishani na Dalmas amelala fofofo, Nelima alisikia kucha zikikwaruza chini ya kitanda, taratibu, kama mtu anayeparua magamba ya samaki, na kadiri alivyosogea ndivyo harufu ilivyozidi, mpaka hasira ya wiki zote zile ikampanda kuliko hofu, akapiga magoti, akainua shuka, akaona macho mawili meupe yasiyo na uso.

"Toka kwa mgonjwa wangu!"

"Ugonjwa sikuuleta mimi," kiumbe kile kikajibu kwa sauti ya Dalmas, ambaye juu alikuwa bado anakoroma. "Mimi nakaa tu mahali mnapochelewa."

Nelima alitoka mbio hadi stoo. Hakuondoka mlangoni mpaka Khaemba akapiga simu mjini, na kesho yake vidonge vikaja.

Wiki zikapita. Choa kikanyauka, kikapukutika. Dalmas akaomba samaki, akala, akarudishwa Usenge akiwa na ngozi safi. Nelima akaosha kitanda chake kwa sabuni, akiimba.

Kwenye kitanda cha pili, Jentrix, msichana aliyekuwa amelazwa jana tu akingoja vidonge hivyo hivyo, vilivyokuwa vimeisha tena stoo, alimvuta aproni.

"Sista," alinong'ona, "huyu aliyejikunyata hapa chini, ni mgonjwa wa nani?"