Nirmaya na Tika ya Rais

Kila asubuhi Nirmaya Khadka alimshika mkono mdogo wake Bikal, wakasimama ukingoni mwa barabara kubwa inayouzunguka mji wa Kathmandu. Shule yao ilikuwa ng'ambo. Malori, mabasi na pikipiki vilipita kwa fujo, na hapakuwa na dereva aliyepunguza mwendo kwa kuona sare za shule. Wakipata mwanya, walikimbia.

Siku moja Bikal alichelewa kidogo tu, pikipiki ikamgonga, akavunjika mguu. Mguu ulipona, lakini mbio hakuwa nazo tena. Mama yao akakata shauri.

"Sikukuu ya Dashain ikiisha, Bikal hatakwenda shule," alisema. "Heri nimwone hapa nyumbani hajui kusoma kuliko niletewe maiti."

Bikal alilia usiku kucha. Nirmaya hakulia. Alikuwa msichana ambaye akiamua jambo ameamua, na aliamua kwenda kwa mkubwa kuliko wote nchini.

Ilipofika siku ya tika, siku ya Dashain ambayo wakubwa huwabariki wadogo, Bibi alichanganya mchele, mtindi na rangi nyekundu, akamwita Nirmaya aje apakwe kwenye paji la uso na kubarikiwa. Nirmaya akajifunika paji kwa kiganja.

"Bibi, subiri kwanza. Nataka ya Rais iwe ya kwanza."

"Ya nani?"

"Ya Rais. Leo Ikulu iko wazi kwa kila mtu. Mkubwa akishakupaka tika hawezi kukunyima kitu, na mimi nitamwomba daraja la kuvukia barabara."

Mjomba Dhanraj alicheka mpaka chai ikampalia. "Basi na mimi niombee pikipiki!"

Bibi hakucheka hata kidogo. "Kumbe mkono uliokulea hautoshi siku hizi," alisema, akageukia ukuta.

Mjomba alimpeleka hata hivyo. Foleni ya Ikulu ilikuwa ndefu kweli: wapagazi, askari wastaafu, wajane, wanafunzi, na mabwana waliovaa suti. Zamu ya Nirmaya ikafika. Rais alimpaka tika, akamwekea kichwani miche ya shayiri ya baraka, akamtakia maisha marefu.

"Mheshimiwa, tunaomba daraja!" Nirmaya alisema haraka. "Mdogo wangu amevunjika mguu barabarani. Ukiamuru wewe, litajengwa."

Mkono wa Rais ulisita. "Pole sana, mwanangu. Lakini amri hiyo sina. Mimi nalinda katiba, na sheria wakishazipitisha wabunge, natia sahihi. Barabara zina watu wake. Mwenyekiti wa kata yenu unamfahamu?"

"Hapana."

"Mimi wa mbali unanifahamu, yeye jirani yako humfahamu! Kaanze kwake. Wala usichoke."

Njiani Nirmaya alikuwa na hasira. "Rais gani huyu, Mjomba? Walinzi tele, jumba kama lile, daraja moja linamshinda!"

"Mzee aliyekutangulia ulimwona?" Mjomba akamuuliza. "Huyo kila siku yuko kwenye maandamano ya kuipinga serikali. Na bwana aliyekuwa nyuma yako ni mtu wa serikali hiyohiyo. Wote wamepakwa na mkono mmoja. Sasa Rais akianza kugawa madaraja, huyu apewe, yule anyimwe, nani ataupokea tena mkono ule kwa moyo mweupe?"

Jioni ile Nirmaya alimwinamia Bibi na kumwomba radhi. Bibi akampaka tika yake juu kabisa ya ile ya Rais.

Ofisi zilipofunguliwa baada ya sikukuu, Nirmaya alikwenda kwa mwenyekiti wa kata, Bwana Pushkar. Akaambiwa arudi kesho. Akarudi, akaambiwa yuko mkutanoni. Wenzake darasani wakamtania: "Mheshimiwa Daraja, umekwama wapi leo?" Hakuwajali. Mtaka cha uvunguni sharti ainame. Mwishowe alikwenda na Bikal asubuhi mapema, wakaketi mlangoni mpaka mwenyekiti alipotokea.

"Barabara ile si ya kata, mwanangu," Bwana Pushkar alisema. "Ni ya idara ya barabara."

"Sawa, Mwenyekiti. Basi njoo uvuke na Bikal ujionee, kisha ukazungumze na hao wa idara kwa niaba yetu. Wewe watakusikiliza."

Bwana Pushkar hakuweza kukataa mbele ya watu waliojaa pale ofisini. Alimshika Bikal mkono, wakaingia barabarani taratibu, kwa mwendo wa mguu ule mbovu. Katikati basi likawajia likipiga honi, upepo wake ukaipeperusha kofia ya mwenyekiti. Alimkumbatia mtoto, akasimama hapohapo mpaka basi likapita. Walipofika ng'ambo, alitoa simu kabla hata hajafuta jasho.

"Nakuja ofisini kwenu sasa hivi," alimwambia mtu wa idara. "Na siondoki mpaka tuelewane."

Haikupita muda mrefu, mistari mipana myeupe ikachorwa mbele ya shule, na askari wa usalama barabarani akapangwa pale asubuhi na jioni. Daraja bado, ila mwenyekiti aliahidi kulipeleka kwenye kikao cha baraza, na Nirmaya akamwahidi kumkumbusha.

Siku Bikal aliporudi shule, Mama na Bibi walikuja kushuhudia. Askari aliinua mkono, magari yakasimama, na Bikal akavuka akichechemea, bila haraka, kichwa juu. Mama alijifuta machozi.

"Umeona, mjukuu wangu?" Bibi akasema. "Rais ni wa watu wote, ndiyo maana hawezi kuwa wako peke yako. Mheshimu kwa hilo. Lakini huyu wa kata ni wako. Huyo mbane."