Sauti za Agnella

Alhamisi, saa nne na dakika kumi asubuhi, Klementina aliingia sebuleni akitokea uani alikokuwa anaanika mpunga, akakuta kishale kinatembea chenyewe kwenye kioo cha kompyuta. Kiti kilikuwa kitupu. Kishale kikafungua folda ya Agnella, kikachagua faili zote thelathini na moja, kikazifuta. Kisha kikaenda kwenye kapu la taka, nalo kikalisafisha.

Alichomoa waya wa modemu. Alikuwa amechelewa.

Agnella, binti yake wa miaka kumi na saba, alikuwa na wiki ya sita kaburini. Aliugua malaria akiwa likizo Uchindile kwa mama yake mdogo, Leticia, karani wa shamba la miti. Leticia alisema homa ilimshika usiku mmoja tu, na asubuhi akafia njiani kupelekwa hospitali. Mtoto alikuwa na mazoea ya kujirekodi kwenye simu kila siku, kama wengine wanavyoandika shajara. Simu ilishakufa, sauti zilibaki kwenye kompyuta tu. Klementina hakuwa amethubutu kuzisikiliza. Aliwaambia ndugu watazisikiliza pamoja Jumapili, baada ya misa ya arobaini.

Hakulia. Alikuwa na stashahada ya utunzaji kumbukumbu, na kazi yake ilimfundisha kutafuta tarehe kwanza. Alifungua orodha ya programu. Moja hakuijua: ile inayomwezesha mtu aliye mbali kuishika kompyuta yako. Iliwekwa Jumatatu ya mazishi, saa nane na dakika arobaini mchana, ikapangwa ifungue mlango bila kuomba ruhusa.

Alijilaumu. Siku tatu za msiba kompyuta ilikaa wazi bila nywila, imeunganishwa na spika, ikiwapigia waombolezaji nyimbo za kwaya. Ndivyo misiba ya mtaa ule ilivyokuwa. Kila aliyetaka kubadilisha wimbo aliigusa.

Alimwita Anselim, fundi wa kompyuta wa mtaani.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba. Uliniwekea nini humu?"

"Mimi? Jumapili nilihamisha vitu vya simu ya marehemu ili tupate picha ya msalabani. Basi."

"Na Jumatatu saa nane na dakika arobaini?"

Anselim alimkodolea macho. "Mama, saa hiyo nilikuwa ndani ya kaburi napokea jeneza. Ukanipigia kelele nisiliachie. Umesahau?"

Hakuwa amesahau. "Na shemeji Egidius? Ndiye aliyekuwa akishughulika na muziki."

"Alikuwa juu yangu, ameshika kamba. Ile ya kwake ikateleza, ikanipiga kichwani."

"Haya. Jaribu kuzirudisha. Na usimwambie mtu, hata mkeo."

"Huyo ndiye wa mwisho kuambiwa, mama."

Hadi jioni hakuna kilichorudi.

Klementina akabaki na swali moja: nani hakwenda makaburini? Wapishi walikuwa nje kwenye moto. Ndani alibaki Leticia peke yake. Jeneza lilipotolewa alianguka, wakamlaza mkekani, hapo hapo sebuleni. Na Krismasi iliyopita Leticia huyo huyo aliwavunja mbavu akisimulia jinsi fundi wa ofisi yao anavyotengeneza kompyuta akiwa Iringa, kishale kinacheza chenyewe kama kina pepo.

Jumamosi saa tano asubuhi Leticia alifika na kuku wawili wa arobaini. Klementina alimpa chai, akasubiri amalize kikombe.

"Leti, kesho hatusikilizi zile sauti."

"Pole, dada. Labda Anselim atapata namna ya kuzirudisha."

"Zimekwenda wapi hata zirudishwe?"

Leticia alikipeleka tena kikombe mdomoni. Kilikuwa kitupu.

"Anselim nilimfunga mdomo. Tunaojua ni mimi, yeye, na aliyefuta. Tulipokuwa tunamzika, wewe ulikuwa hapa unajifungulia mlango."

Kikombe kikagonga meza.

"Zinasema siku nne," Leticia alisema kwa sauti ndogo. "Hakuugua usiku mmoja. Nilimpa vidonge vya dukani, nikadhani itapita. Aliomba nikupigie, nikamwambia tusubiri kesho. Kila siku kesho."

"Kwa nini?"

"Nilikuogopa. Ungenisema. Wewe ukisema, dada, mtu anatamani ardhi ipasuke. Nikaona apone kwanza, ndipo nikuambie."

Klementina alifungua mdomo. Maneno yalikuwepo, makali, yamejipanga. Aliyatazama yale maneno kama mtu anayeona panga lake mwenyewe lina damu, akaufunga.

Leticia aliweka simu yake mezani. "Siku ile ya mazishi sikuwa na moyo wa kuzifuta. Juzi, kabla ya kufuta, nilizihamishia humu. Sikuweza kuzipoteza za siku zile nne. Nasikiliza usiku na mchana."

Nje wapishi walikuwa wakibishana juu ya sufuria. Klementina alinyanyuka, Leticia akajikunyata akingoja kofi. Dada yake akafunga mlango, akavuta kiti cha pili mbele ya meza.

"Kaa," alisema. "Tunaanza na siku ya kwanza."